Mganga Hajigangi: Uharibifu wa Kumbukumbu katika Kipimamwendo cha Tarakilishi

Utangulizi

Mkulima wa Garsen anaweza kulala chini ya anga lisilo na wingu, akaamka na kukuta migomba yake imezama. Mvua haikunyesha kwake. Ilinyesha mbali, Mlima Kenya na safu za Nyandarua, unakochimbuka Mto Tana. Walioyaona mafuriko ya mwaka wa 1997 na ya 2023 wanajua kwamba anayetafuta chanzo cha maji hayo shambani mwake hatakipata. Makala hii inanuia kueleza kosa la tarakilishi lenye tabia iyo hiyo, yaani uharibifu wa kumbukumbu, hasa linapoikumba programu iliyoundwa kuzichunguza nyingine.

Kipimamwendo na kosa lake

Programu inapokwenda polepole, mtaalamu hutumia programu nyingine, tuiite kipimamwendo, kubaini sehemu inayokula muda. Aghalabu kipimamwendo huikatiza programu, kwa mfano mara 100 kila sekunde, hunukuu ilipofika, kisha huiachilia. Miongoni mwa vilivyotangulia ni gprof, kilichoelezwa na watafiti wa Berkeley, Marekani, mwaka wa 1982.

Kumbukumbu ya tarakilishi ni msururu wa vyumba vyenye nambari. Tuseme kipimamwendo kimetengewa vyumba 1,000 vya nukuu. Nukuu ya 1,001 ikija, lugha ya C haiizuii; huandikwa katika chumba cha jirani. Jirani hana habari. Baadaye anaposoma alichokihifadhi, hukuta kitu kingine, na programu huanguka. Mchunguzi hukimbilia ilipoangukia, ilhali pale hapana kosa.

Chanzo cha pili ni ule ukatizaji wenyewe. Programu huweza kukatizwa ikiwa katikati ya kugawa vyumba, daftari la ugavi limeandikwa nusu. Kipimamwendo nacho kikiomba chumba wakati huo, daftari huvurugika.

Hata hivyo, kuanguka si hasara kubwa kuliko zote. Programu iliyoanguka hujishtaki yenyewe, bali takwimu iliyoharibika huaminika. Mtaalamu huweza kupoteza siku nyingi akiitibu sehemu nzima na kuiacha gonjwa.

Kuufuata mto

Mganga hajigangi, kipimamwendo huhitaji mchunguzi mwingine. Valgrind, iliyotolewa mwaka wa 2002, hukagua kila usomaji na uandishi, japo programu huenda polepole mara 10 hadi 30. AddressSanitizer, iliyoelezwa na watafiti wa Google mwaka wa 2012, huacha ukanda mtupu kati ya shamba na shamba. Anayeukanyaga hunaswa papo hapo, kabla ya madhara kushuka mto. Ama kwa chanzo cha pili, kinga ni kukitengea kipimamwendo vyumba vyake mapema, kisiombe chochote wakati wa kukatiza.

Mchunguzi na atahadhari: kuongeza mstari mmoja tu wa kuchungulia huweza kuvihamisha vyumba na kulificha kosa. Kosa kutoweka si kosa kurekebishwa.

Hitimisho

Mwaka wa 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukatupa istilahi za kuitumia tarakilishi. Istilahi za kuikarabati zingali haba. Lakini chumba, jirani, daftari na ukanda yametosha kulieleza kosa hili. Wanafunzi wa Kiswahili tusingoje kuletewa maneno. Tuwaendee wanaoziunda programu, tuwasikilize, kisha tuandike.