Kidonda Kimevimba na Kina Joto? Usikimwagie Unga wa Kapsuli, Fanya Haya
Mtu ameungua na ekzosi ya bodaboda au amechomwa na msumari. Siku mbili tatu baadaye ngozi inavimba, inauma, ina joto na usaha unatoka. Hapo bakteria wameshaingia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane vizuri, hivyo gusa uone kama pana joto.

Wengi hufungua kapsuli na kumwaga unga kwenye kidonda. Dawa ile ni ya kumeza. Unga haufiki chini ya ngozi waliko bakteria, na unaweza kuleta mzio.

Fanya haya:

1. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha kifunike kwa bandeji safi. Usikamue usaha.

2. Chora mstari wa kalamu kuzunguka uvimbe. Ukivuka mstari, nenda hospitali.

3. Kama ni mguu, uweke juu ya mto ukilala. Uvimbe hupungua.

4. Ukiandikiwa antibiotiki, maliza dozi. Mara nyingi ni siku 5 hadi 7. Nafuu huanza baada ya siku 2 au 3, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Usipopata nafuu, rudi kwa daktari.

Usisubiri kabisa ukiwa na homa, kutetemeka, michirizi inayopanda kutoka kwenye kidonda, au kama una kisukari. Ukifika hospitali, ulizia pia sindano ya pepopunda.