Kokwet na Mtandao: Ujirani katika Nadharia ya Jamii

Ferdinand Tönnies, katika kitabu chake cha mwaka 1887, alitenga umoja unaotokana na ujamaa na ujirani na ule unaotokana na maslahi. Mwaka 1996 Manuel Castells alidai kwamba mitandao ndiyo umbo jipya la jamii zetu. Je, nadharia hizi zinatufaa tuitazamapo Sigor, katika Kaunti ya Bomet?

Kwa Wakipsigis, kokwet ni majirani na pia ni baraza lao. Humo wazee husikiliza mashauri ya majirani, na uamuzi hutafutwa kwa maafikiano. Nguvu ya baraza hilo haitokani na askari, bali na hali kwamba ashindwaye leo atamhitaji jirani yake kesho.

Tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imezidi kumsogeza karibu mzaliwa wa Sigor aliyeko ughaibuni. Kwa simu yake huchangia mazishi na karo za nyumbani. Lakini mwanakundi wa simu akichukizwa hujitoa mara moja. Jirani hana njia hiyo.

Neno lenyewe ladokeza tofauti hiyo. Mtandao latokana na kitenzi tanda, yaani kuenea. Halitaji mahali wala wajibu. Kwa maoni yetu, basi, intaneti imepanua ujamaa pasipo kupanua ujirani. Hivyo tusiharakishe kuliita kila kundi la simu baraza, maana ugomvi wa mpaka wa shamba huwangojea wale wanaoishi kando yake.