UZI: JSS wanasoma nini hasa, na ni swali gani la kumuuliza mheshimiwa

Kila wiki kuna video mpya. Mheshimiwa amesimama juu ya gari, maikrofoni mkononi, anasema watoto wa JSS hawasomi kitu, kazi yao ni kukata makaratasi na kusumbua wazazi. Kesho yake mwingine, wa mrengo ule mwingine, anasema huu ndio mtaala wa karne hii na anayeupinga hataki watoto wa maskini wasonge mbele. Halafu sisi huku tunagawana pande na kutukanana hadi usiku wa manane.

Mnajua sheria ya uzi zangu: sitaji mtu, sitaji chama. Ukimtaja wako hapo chini ni shauri yako. Mimi naangalia hoja tu, na ya leo ni Sekondari ya Msingi, yaani JSS, Gredi ya 7, 8 na 9.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna wakati niliandika hapa kwamba mtoto wa JSS anasoma masomo 14. Mwalimu mmoja akanijia kwa heshima sana akaniambia, "Ndugu yangu, hiyo ni habari ya zamani." Na alikuwa sawa. Kundi la kwanza lilipoingia JSS 2023 mzigo ulikuwa mkubwa hivyo, lakini baadaye masomo yakaunganishwa yakabaki tisa. Kwa hivyo ukiona mtu anapiga kelele za masomo 14 leo, jua hajafungua daftari la mtoto yeyote kwa muda mrefu. Kama mimi wakati huo.

Safari hii nimefungua. Binti yangu yuko Gredi ya 7. Jumamosi tulikaa mezani na madaftari yake yote, chai ikapoa.

Tisa zenyewe ni hizi: Kiingereza, Kiswahili (au Lugha ya Ishara), Hisabati, Sayansi Jumuishi, Masomo ya Jamii, Elimu ya Dini, Kilimo na Lishe, Mafunzo ya Awali ya Ufundi, na Sanaa Bunifu na Michezo. Majina mengine yanatisha lakini ndani ni vitu unavijua. Kwenye kilimo wanasoma uchafuzi wa udongo, kuzuia maji ya mvua yasipotee shambani, kupanda miti, na jinsi ya kupika mboga bila kuua virutubishi vyake. Kwenye ufundi kuna usalama mahali pa kazi, kuchora, vifaa na kazi zake, kompyuta, na biashara kidogo. Masomo ya Jamii yana asili ya binadamu, biashara ya utumwa, ramani, haki za binadamu, Katiba. (Hapo kwa Katiba nilicheka peke yangu. Kuna watu juu ya gari wangefaidika na hicho kipindi.)

Kwa hivyo ile hoja ya kwanza, "hawasomi kitu", ukipima kwa kilichoandikwa, ni uongo. Mimi nilisoma 8-4-4 na sikumbuki mtu akinifundisha kuvuna maji nikiwa darasa la saba. Nilikuwa nakariri majibu ya karatasi za miaka iliyopita.

Lakini ngoja kwanza. Tulipofika daftari la Sayansi nikakuta mada ya asidi na besi. Imeandikwa vizuri, na mchoro wa vikombe vitatu vyenye rangi za kalamu. Mtaala unataka mtoto atengeneze kiashiria kutoka kwa mimea, maua au kabichi ile ya zambarau, halafu apime vitu vya nyumbani aone rangi ikibadilika. Nikamuuliza ilibadilika aje. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa mambo.

"Baba, hiyo tulichora tu."

Si mwalimu mvivu, hapana. Mwalimu wake amesomea Kiswahili na Dini. Anafundisha Kiswahili, Dini, Sayansi, na wakati mwingine Hisabati. Shule haina maabara. Haina hata meza ya maabara. Kile kitabu cha Sayansi anakisoma usiku ili asubuhi awe mbele ya watoto kwa kurasa mbili. Mimi ningekuwa mahali pake ningechora pia.

Na hapa ndipo mjadala wa majukwaani unapita kando kabisa. Wanabishana kuhusu mtaala, wakati shida iko kwa mlango wa darasa.

Ebu tufanye hesabu ndogo. JSS ina vipindi 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Chukua shule ndogo yenye darasa moja la kila gredi: madarasa matatu mara vipindi 40, hiyo ni vipindi 120 kwa wiki. Sasa weka walimu wawili, na kuna shule nyingi mashinani zinazojua ninachosema. Hata wakiingia darasani kila kipindi, bila kunywa maji, bila kusahihisha, wanafikisha 80. Vipindi 40 havina mtu. Ukitaka mwalimu abaki na vipindi 30, ambavyo bado ni vingi, unahitaji walimu wanne. Na hapo bado sijauliza kama kati ya hao wanne kuna hata mmoja wa sayansi. Mwalimu wa sekondari kwa kawaida husomea masomo mawili. Tisa gawanya kwa mbili utajua mwenyewe.

Tulifikaje hapa? Wengi wamesahau. Mpango wa awali wa mtaala huu ulikuwa JSS ikae kwenye shule za sekondari, ambako kulikuwa na maabara na walimu wa masomo hayo. Desemba 2022, baada ya jopo la mageuzi ya elimu kuzunguka nchi, ikatangazwa kwamba JSS itakaa shule za msingi. Watoto wakaingia mwanzoni mwa 2023. Hesabu hizo wiki.

Sitaki kuonea waliotoa uamuzi huo, kwa sababu wazazi wengi waliuomba. Mtoto wa miaka 12 kwenda bweni kulala na vijana wa miaka 18? Karo ya sekondari ulipe miaka sita badala ya minne? Hata mimi ningekataa. Uamuzi ulikuwa na sababu nzuri na bei kubwa, na bei yenyewe ndiyo haijalipwa hadi leo. Jengo la shule ya msingi lilijengewa kusoma na kuandika, halikujengewa gesi na mabomba.

Sasa pesa. Kwenye makadirio, mwanafunzi wa JSS anatengewa shilingi 15,042 kwa mwaka. Mwenzake wa shule ya msingi, kwenye uwanja uleule na choo kilekile, 1,420. Wa sekondari 22,244. Hizi takwimu mtazisikia sana, na kila upande utachukua ile inayoufaa. Mmoja atazidisha 15,042 kwa idadi ya watoto wote aseme "tumemwaga mabilioni". Mwingine atakuambia shule haijapata kitu. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli kwa siku moja, kwa sababu kutengewa ni kitu kimoja na pesa kuingia kwa akaunti ya shule kwa wakati, zikiwa kamili, ni kitu kingine. Ukitaka kujua, usiulize mheshimiwa. Muulize mwalimu mkuu muhula ukifika katikati.

Halafu walimu vibarua. Hawa ndio wamebeba JSS tangu ianze. Wengi wana digrii, malipo shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, mkataba wa mwaka. Aprili 2024 mahakama ya kazi ilisema TSC haina mamlaka ya kuajiri mtu kwa mtindo huo, na Mei yake mkaona walimu wa JSS barabarani kwa wiki kadhaa. Madarasa yalikuwa matupu. Watoto wa wakati huo walipoteza sehemu nzuri ya muhula wa pili, na sikumbuki mtu yeyote kutoka upande wowote akisema hayo masomo yangelipwa lini.

Hoja nyingine ya kuchunga ni hii: anakuja mtu anataka ugavana, anakuahidi kuajiri walimu wa JSS. Shangilia kama unataka, lakini fungua Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti zimepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa, na kuajiri walimu ni kazi ya TSC. Gavana anaweza kusaidia kwa makubaliano, basari na kadhalika, ila mwalimu wa Sayansi wa Gredi ya 7 hatoki kwake. Huyo umuulize anayetaka kwenda Bungeni, maana bajeti ya TSC hupitia huko.

"Turudishe 8-4-4." Hii itakuwa tamu sana 2027. Kumbukeni mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Wale watoto wako sekondari na wanamaliza KCSE 2027, mwaka uleule wa uchaguzi. Baada yao hakuna darasa la 8-4-4 tena lililobaki kwenye mfumo. Anayesema tutarudi lazima aseme mtoto aliye Gredi ya 8 atapelekwa wapi, kidato cha ngapi, na vitabu gani. Kama hana jibu hilo, hiyo ni nyimbo.

Mimi si mtetezi wa CBC, au CBE kama wanavyoiita siku hizi. Kubadilisha jina pia ni pesa. Lakini kuna jambo linaniuma zaidi ya yote, na silisikii kabisa juu ya magari.

Alama. Mtoto akitoka JSS, nafasi yake ya sekondari pevu inaamuliwa hivi: asilimia 60 ni mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9, asilimia 20 ni ule wa Gredi ya 6, na asilimia 20 iliyobaki ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Alama hizo ndizo zinasaidia kuamua kama ataenda njia ya sayansi, ya masomo ya kijamii, au ya sanaa na michezo. Na mpango wenyewe wa serikali unataka wengi, kama asilimia 60, waende sayansi.

Sasa nipelekee hilo kwa daftari la binti yangu. Zile tathmini za Gredi ya 7 zinataka kuona mtoto akifanya kitu kwa mikono. Shule yenye maabara watafanya, watakosea, watarudia. Shule yetu watachora. Mwalimu atajaza nini? Akiandika ukweli, kwamba darasa zima halijafanya, anawaumiza watoto kwa kosa ambalo si lao. Akiwapa alama za mchoro, kwenye karatasi watakuwa wamefikia matarajio, halafu Gredi ya 10 waonyeshwe vifaa ambavyo hawajawahi kushika. Sijui ningefanya nini. Nilimuuliza mwalimu mmoja rafiki yangu, si wa shule hiyo, akanijibu kwa swali: "Wewe ungetaka niandike nini kwa jina la mtoto wako?"

Nilinyamaza.

Kwa hivyo wakija kwenu, na watakuja, achaneni na "unaunga mkono CBC ama hupingi". Hilo wanalipenda kwa sababu halina gharama. Ulizeni hivi: shule yetu ina vipindi 120 na walimu wangapi? Kati yao wa sayansi ni wangapi, na ni wa kudumu ama kibarua? Mgao wa muhula huu uliingia tarehe gani? Na tathmini ya vitendo ya Gredi ya 7, watoto waliifanyia wapi? Akikujibu la kwanza bila kumwangalia msaidizi wake, rudi hapa uniambie, nitafuta huu uzi.

Jumapili nilinunua kabichi ya zambarau nusu, shilingi 60. Tukaikatakata, tukaichemsha, tukachuja maji kwa kichungi cha chai. Maji yakawa ya zambarau. Tukamimina kwa gilasi tatu: moja limau, moja magadi, moja tukaiacha hivyo. Ya limau ikageuka waridi papo hapo, ya magadi ikaenda samawati halafu kijani. Alipiga kelele hadi jirani akaita.

Leo asubuhi amebeba yale maji yaliyobaki kwa chupa ya soda, aende nayo shule. Mwalimu ameshakubali kwa simu. Ni nusu lita, darasani wako 64.