Punda ana homa: pakiti au chupa?

Punda wa gari akiinamisha kichwa, akasusa majani, fizi zikawa njano, wenye magari ya punda wa Bububu, Unguja, hukimbilia pakiti ya diminazini. Unga wa gramu 2.36 hutosha mnyama wa kilo 300, kwa hiyo punda wa kilo 150 hutumia nusu yake tu. Kwa urahisi haina mpinzani.

Ila sifa yake kubwa ilitokana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na Unguja mbung'o hayupo tena: yaliachiliwa madume tasa kutoka angani mpaka kisiwa kikatangazwa huru mwaka 1997. Waliobaki ni kupe, na vimelea vyao viwili vya damu ya punda na farasi, Babesia caballi na Theileria equi. Diminazini hukiweza cha kwanza, cha pili huisumbua. Na punda si ng'ombe: panapochomwa sindano huvimba vibaya, dozi ikizidi huwa sumu.

Dawa ya chupa ni imidokabu, nayo ni ya vimelea hivyohivyo: ni ghali kwa chupa, si kwa dozi. Kwa miligramu 2.2 kwa kila kilo, punda huyohuyo wa kilo 150 hahitaji hata mililita 3 za dawa ya asilimia 12. Chupa nzima ya mililita 100 ya nini? Mwambie daktari wa mifugo akutoze kwa sindano. Aje mwenyewe, maana dawa hii huleta mate na msokoto wa tumbo, na punda huihimili kidogo kuliko farasi. Sindano nne za dozi maradufu, za kumaliza vimelea vyote, ni za farasi wa kusafirishwa kwenda nchi kama Marekani, inayopima damu kabla ya kupokea. Wako safari yake inaishia Mwanakwerekwe. Vimelea vichache vikisalia damuni humsaidia kutougua tena vikali.

Buparvakwoni, dawa ya ndigana kali ya ng'ombe, iache. Ina gharama, na Theileria equi haimtoi kabisa damuni.

Mimi shilingi ya kwanza ningeilipia kipimo cha damu, na maabara ya mifugo iko Maruhubi, njiani kwenda mjini. Ya pili, dawa ya kupe. Lakini ile ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, hata kama imebaki nusu ndoo, usimpake punda: humfunga tumbo.