Moi Avenue, Nairobi: Barabara Moja, Majina Matatu

Kila tunapowapeleka wanafunzi wa Idara yetu Nairobi, huwa tunaanzia mahali pamoja: karibu na stesheni ya reli, upande wa kusini wa Moi Avenue. Wengi hushangaa, kwani wangependa kuanzia Bungeni au kwenye jumba la makumbusho. Sisi huwaambia kuwa barabara hii ni kama kitabu, na kila jina iliyowahi kupewa ni sura yake. Anayejifunza lugha hana budi kujua kusoma majina pia.

Sura ya kwanza ni Station Road. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na ikafika Kisumu mwaka 1901. Iliitwa Reli ya Uganda, na wanafunzi wetu huuliza kwa nini, maadamu haikuvuka mpaka. Jibu ni kwamba Kisumu yenyewe wakati huo ilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902. Nairobi ilikuwa bonde la majimaji ambalo Wamaasai walilitaja kwa maji yake baridi. Stesheni ndiyo iliyoleta mji, na barabara ikachukua jina la stesheni. Wahindi, watu wa pwani na wenyeji wa bara waliokutana kazini walihitaji lugha ya kuelewana, na Kiswahili kikapata nafasi.

Sura ya pili ni Government Road. Mwaka 1905 makao makuu ya utawala yalihamishwa kutoka Mombasa kuja Nairobi, na jina la barabara likaonyesha ni nani mwenye mji. Hata hivyo, waliouendesha mji kila siku walikuwa wenye maduka. Soko la Wahindi lilichomwa moto mwaka 1902 kwa amri ya wakubwa wa afya kwa sababu ya ugonjwa wa tauni, lakini biashara haikufa. Kitongoji cha barabara yetu kiliitwa Bazaar Street, na leo ni Biashara Street. Hapo tunawaomba wanafunzi wasimame kidogo: neno lenye asili ya Kiajemi limepisha neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, na neno la Kiingereza limebaki palepale mwishoni. Mbele kidogo ipo bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuijenga. Wananchi walipinga, na bustani ikabaki.

Ilikuwa bado Government Road siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Waziri Tom Mboya alipopigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Baadaye jina lake lilipewa barabara ya jirani, iliyokuwa Victoria Street. Kwa hiyo anayemtafuta Mboya kwa kufuata vibao vya barabara atafika mahali ambapo hakufia. Sanamu yake, iliyosimamishwa mwaka 2011, ndiyo iliyorudi Moi Avenue, karibu na pale alipoanguka.

Sura ya tatu ilikuja baada ya Daniel arap Moi kuwa Rais mwaka 1978. Serikali iliondoka kwenye kibao, na jina la mkuu wa serikali likaingia. Moi aliondoka madarakani mwaka 2002 na kufariki mwaka 2020, lakini jina lipo.

Kuna jambo jingine ambalo kibao hakisemi. Pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue palikuwa na Ubalozi wa Marekani, uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao wakiwa Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Mahali hapo pamekuwa bustani ya kumbukumbu tangu mwaka 2001, na majina ya marehemu yameandikwa ukutani. Wanafunzi wetu, ambao huongea sana njia nzima, wakifika hapo hunyamaza.

Je, wananchi wenyewe huiitaje barabara hii? Ukisikiliza ndani ya matatu, mara nyingi abiria hataji Moi wala Mboya. Husema, "Nishukishe Archives," yaani kwenye jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lililokuwa zamani la benki. Wakubwa huandika majina juu. Abiria hutaja kile anachokiona kwa macho.

Ndiyo sababu tunawasihi wanafunzi wasikimbilie kutafsiri majina ya barabara. Jina la mahali huelezwa, na anayelieleza ni lazima kwanza aulize. Hapa kwetu Kampala tunayo Luwum Street, iliyopewa jina la Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwezi Februari 1977. Wanafunzi wengi hupita hapo wakinunua nguo na simu bila kujua. Zoezi letu la muhula huu ni dogo: chagua barabara moja unayoipita kila siku, mwulize mzee mmoja ilikuwa ikiitwaje, kisha andika jibu lake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Wazee hao hawatukai milele.