Nani Steringi? Mnyang'anyi na Askari katika Filamu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mkoa wa Singida

Mwenye penseli aichonge, na mwenye daftari alifungue.

Somo la leo limetokana na swali la mama mmoja, mwanafunzi wa darasa la jioni. Alinieleza hivi. Siku ya Jumamosi mwanawe mwenye miaka 14 alikwenda kwenye banda la video. Akarudi nyumbani akimsifu jambazi wa filamu, jinsi alivyovunja benki na kuwapiga chenga polisi. Siku ya Jumatatu ilikuwa mnada. Kijana mmoja akashikwa, ikasemwa ameiba simu. Watu wakapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Mtoto yule yule akaokota jiwe. Mama akamshika mkono, jiwe likaanguka. Halafu akaja kuniuliza, "Mwalimu, Jumamosi mwizi ni steringi, Jumatatu mwizi ni wa kupigwa mawe. Mwanangu amejifunza wapi mambo haya mawili?"

Swali hili ni zito. Ili tulijibu, tutazame filamu tatu zinazohusu wanyang'anyi na askari waliowafuata. Twende polepole.

KWANZA: HABARI YENYEWE

Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka vibaya. Hata hapa kwetu Tanganyika tabu ilifika, maana bei ya mkonge na ya mazao mengine ilishuka sana. Huko Marekani maelfu ya mabenki yalifungwa, na watu wakapoteza akiba zao. Kufika mwaka 1933, karibu mtu mmoja katika kila wanne wenye kutafuta kazi hakuwa nayo. Wakulima walioshindwa kulipa madeni walinyang'anywa mashamba. Basi watu wengi wakalichukia benki kuliko walivyomchukia mwizi wa benki.

Katika siku hizo walitokea Clyde Barrow na mwenzake Bonnie Parker, vijana wa Texas. Pamoja na kundi lao waliiba magari, wakavunja mabenki, lakini zaidi waliiba katika maduka madogo na vituo vya petroli. Yaani mara nyingi aliyeibiwa hakuwa tajiri, bali mwenye duka kama wa kijijini kwetu. Kundi hilo lilihesabiwa kuua watu wapatao 13, na wengi wao walikuwa askari.

Sifa zao zilikuzwa na picha. Mwaka 1933 askari waliwavamia katika nyumba waliyojificha, mjini Joplin. Wanyang'anyi wakaua askari wawili, wakakimbia. Ndani ya nyumba zikakutwa picha ambazo vijana wale walikuwa wamejipiga kwa mzaha. Katika picha moja Bonnie ameshika bastola na kuuma sigara kubwa mdomoni. Magazeti yakaichapa, na nchi nzima ikamjua. Wale askari wawili waliouawa, ni wangapi waliowajua?

Tarehe 23 Mei 1934, askari sita walijificha kando ya barabara huko Louisiana. Aliyewaongoza katika msako alikuwa Frank Hamer, askari mzoefu wa Texas. Gari la Clyde lilipofika, walifyatua risasi zaidi ya 100. Bonnie alikuwa na miaka 23, na Clyde 25. Watu kwa maelfu walijaa katika mazishi yao.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni majina haya matatu: Bonnie, Clyde, Hamer. Tunaendelea.

PILI: FILAMU YA MWAKA 1967

Baada ya miaka 33, Arthur Penn alitengeneza filamu iitwayo Bonnie and Clyde. Wachezaji wake wakuu, Warren Beatty na Faye Dunaway, ni wazuri wa sura na mavazi. Mwanzoni tunaona mkulima aliyenyang'anywa nyumba na benki. Clyde anampa bastola, naye mkulima analipiga risasi bango la benki. Tangu hapo moyo wa mtazamaji umekwisha kwenda kwa Clyde.

Na askari Hamer je? Katika filamu hii anakamatwa na wanyang'anyi, anapigwa picha nao, anadhihakiwa. Kwa hiyo anapowaua mwishoni, mtazamaji hudhani analipa kisasi cha aibu yake. Lakini jambo hilo halikutokea kamwe. Hamer hakupata kukamatwa nao. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1955, hakuweza kujitetea. Mjane wake aliwashtaki watengenezaji wa filamu, na mwaka 1971 wakamlipa fedha ili kumaliza shauri.

Filamu ile ni nzuri, wala sisemi msiitazame. Nasema tu kwamba ilimchagua steringi wake, na ili ang'ae zaidi ikampaka mwenzake matope.

TATU: FILAMU YA MWAKA 2019

Mwaka 2019 ikatoka filamu nyingine, The Highwaymen, iliyoongozwa na John Lee Hancock. Habari ni ile ile, barabara ni zile zile, lakini kamera imehamia upande wa pili. Sasa steringi ni Frank Hamer, na anayemwigiza ni Kevin Costner. Tunamwona mzee aliyechoka, mwili umemzidi uzito, akisafiri siku nyingi na rafiki yake Maney Gault. Bonnie na Clyde tunawaona kwa mbali: kiatu, mgongo, vumbi la gari. Nyuso zao zimefichwa karibu mpaka mwisho.

Hapa tunawakumbuka waliouawa, na hilo ni jambo la haki. Lakini filamu hii nayo ina kosa lake. Inamwonyesha Bonnie akimmalizia kwa risasi askari aliyekwisha kuanguka chini. Habari hiyo ilitoka kwa shahidi aliyekuwa mbali, na wanahistoria wengi hawaikubali.

Mnaona, wanafunzi? Kisa kimoja, filamu mbili. Kila moja ilimpa mmoja uso, na mwingine ikamnyima.

NNE: NAIROBI, MWAKA 2012

Msifikiri mambo haya ni ya Marekani tu. Mwaka 2012 jirani zetu wa Kenya walitoa filamu iitwayo Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Lugha yake ni Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Inamhusu Mwas, kijana wa shamba anayeuza filamu kijijini na kuwaigizia wateja maneno ya masteringi. Anakwenda Nairobi ili awe mwigizaji. Siku ya kwanza tu anaibiwa kila kitu, halafu anatiwa mahabusi. Huko anajuana na kiongozi wa genge, na taratibu anageuka mwizi: leo vipuri vya gari, kesho gari lenyewe. Wakati huo huo anafanya mazoezi ya mchezo jukwaani.

Katika filamu hii askari pia wanakula rushwa. Mwishoni wanawakamata vijana wa genge, si kwa kuwapeleka mahakamani, bali kwa kuwaua. Hapa hakuna aliye safi. Mwizi ana uso, tunajua mama yake na ndoto yake. Lakini hatuambiwi kwamba wizi wake ni mwema. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo. Kwa maoni yangu filamu hii imetufaa zaidi, kwa sababu haimwachi mtazamaji astarehe upande mmoja.

TANO: TURUDI MNADANI

Sasa tumjibu yule mama. Watoto husema, "Steringi hafi." Wanajua kwamba kila filamu ina mtu mmoja wa kupendwa, na waliobaki ni maadui. Bandani, kamera humchagulia mtoto steringi wake. Tena mtafsiri anayesema Kiswahili juu ya filamu huongeza chumvi yake, na mtoto hucheka pamoja naye. Mnadani hakuna kamera, lakini kelele za watu hufanya kazi ile ile. Humchagulia adui. Kijana aliyeshikwa hana jina, hana mama, hana la kujieleza. Ni "mwizi" tu. Mara zote mbili mtoto amesikia upande mmoja. Jumamosi aliyeibiwa hakusikilizwa, na Jumatatu aliyeshikwa hakusikilizwa.

Ndiyo sababu Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kuwa anayo. Mahakamani mwenye simu husema, na anayeshtakiwa husema, na mashahidi huulizwa maswali. Ni kazi ya polepole, wakati mwingine ya kuchosha. Lakini jiwe likishatupwa halirudi mkononi.

Basi, mama, usimkataze mwanao filamu, kwa maana atakwenda kwa siri. Kaa naye, umwulize mambo matatu:

1. Kamera imesimama upande wa nani?
2. Ni nani aliyeumia au kufa bila kutajwa jina?
3. Ni jambo gani lililobuniwa ili steringi apendeze?

Akizoea kuuliza hivyo bandani, huenda akauliza hivyo mnadani pia, kabla hajainama kuokota jiwe.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mnyang'anyi: mtu anayechukua mali ya watu kwa nguvu.
Mahabusi: mahali anapowekwa mtu anayengoja kesi.
Shahidi: mtu anayeeleza jambo aliloliona au kulisikia.
Kubuni: kutunga jambo ambalo halikutokea.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini watu wengi wa Marekani waliyachukia mabenki wakati ule?
2. Mjane wa Hamer alikuwa na haki ya kushtaki? Toeni sababu zenu.
3. Andika mistari mitano juu ya ugomvi uliousikia kijijini kwako. Kwanza uandike kama anavyousema mmoja, kisha kama anavyousema mwenzake.

Zoezi la tatu ndilo kubwa. Lifanyeni bila haraka, mkasomeane darasani. Kwaherini, wanafunzi wapenzi, mpaka somo lijalo.