Doti ya Kanga Iliyopanda Mlima

Watu wa pwani tupatapo fursa ya kutembea, nyuso zetu huelekea baharini: Lamu, Unguja, Pemba, na aliyejaliwa zaidi huelekea Makka na Madina. Sisi, mke na mume tuliokaa pamoja miaka 23, safari hii tuliipa bahari mgongo. Tulifunga mabegi mawili ya kubeba mgongoni, tukaazimia kuizunguka miji iliyo chini ya Mlima Kenya kwa gari moshi, basi na matatu. Jamaa walituuliza tutakula nini huko, na tutaswali wapi. Wengine walituuliza jambo jingine kwa sauti ya chini, nalo tutalieleza.

Katika sanduku la marehemu baba yake mke mlikuwa na barua ya mwaka 1948, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Mwandishi wake alikuwa babu, fundi cherehani aliyetoka Mombasa kwenda kushona Nyeri. Alieleza kwamba mkewe wa huko, Mkikuyu aliyesilimu, amejifungua mtoto wa kike, na akaomba apelekewe doti moja ya kanga kwa ajili ya mzazi. Doti ile haikupelekwa. Babu akafariki huko huko mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, ambapo vibali na amri za kutotoka nje zilifanya hata habari ya msiba ichelewe kufika. Baada ya hapo pakawa kimya. Tulinunua doti moja Biashara Street, tukaitia chini kabisa ya begi.

Treni ilitufikisha Nairobi, na asubuhi ya pili matatu ikatupandisha Murang'a, mji uliopewa na Waingereza jina la Fort Hall. Katika wilaya hii ndipo palipo Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo Wakikuyu husimulia kuwa asili yao ilianzia. Lakini mjini hapo hapo upo mtaa uitwao Mjini, wenye Waislamu wa tangu zamani. Tulipousikia mwadhini akiita adhuhuri kati ya vilima vya chai na migomba, swali la tutaswali wapi lilijijibu lenyewe. Tulipunguza na kukusanya swala zetu kwa rukhsa ya msafiri, tukaendelea hadi Karatina, ambako soko lake kubwa lilitufanya tusahau uchovu: viazi, karoti na kabichi kwa magunia, na akina mama wakipatana bei kwa ucheshi kama wa Marikiti.

Mlima wenyewe tuliuona alfajiri ya Nyeri, tulipotoka kutawadha kwa maji yaliyotuuma vidole. Kilele chake, Batian, kina mita 5,199. Johann Krapf, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona kutoka Kitui mwaka 1849 akaandika kuwa una theluji karibu na mstari wa ikweta; wataalamu wa Ulaya wakamtilia shaka. Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika kileleni, na vitabu humsifu yeye. Mizigo ya msafara wake, hata hivyo, ilibebwa na mabega ya Wakikuyu na ya Waswahili. Kumbe si sisi watu wa kwanza wa pwani kupanda huku na mizigo mgongoni.

Nyeri ni mji wa makaburi mashuhuri. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifariki hapa Januari 1941. Kwenye kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti yenye maana kwamba mwenyewe amekwenda nyumbani. Watu hutoka mbali duniani kulizuru. Dedan Kimathi alihukumiwa katika mji huu huu mwaka 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kwa miongo mingi watu wake hawakujua hata alipozikwa. Tuliyatafakari hayo mawili tukiwa njiani kwenda mtaa wa Majengo, kutafuta kaburi la tatu, la fundi cherehani asiyeandikwa popote.

Tuliuliza msikitini baada ya laasiri. Mzee mmoja alilitamka jina la babu kabla hatujalimaliza, akatuongoza hadi mlango wa mabati ya kijani. Shangazi yetu alikuwa ameketi juani, mtandio kichwani, akichambua maharagwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Nyinyi ni wa nani?"

Tulipomwambia, aliweka ungo chini. Alitupa chai na mukimo, akatusomesha majina ya watoto na wajukuu wake, kisha akauliza swali tuliloliogopa tangu Mombasa:

"Kaka yangu alijua kama nipo?"

Tulitazamana. Ilikuwa rahisi kusema hakujua, marehemu asingetukanusha. Tukasema, "Alijua, shangazi. Barua aliiweka." Tukampa barua, na kanga juu yake. Alizikunjua zote mbili, akaipapasa pindo ya kanga kwa muda mrefu. "Mama alifariki akingoja," alisema. "Basi nitaivaa mimi."

Kesho yake alitupeleka makaburini. Kaburi la babu halina jiwe. Shangazi alilijua kwa mti. Tuling'oa magugu, tukamwombea.

Safari haikuishia hapo. Tulipita Nanyuki, tukasimama kwenye kibao cha ikweta ambapo vijana huonyesha maji yakizunguka kwenye beseni upande huu na ule. Ni mchezo wa mikono yao, kwani nguvu ya dunia kuzunguka haiwezi kuonekana katika chombo kidogo namna ile, lakini tulicheka na kulipa. Tukapita mashamba ya ngano ya Timau hadi Meru. Huko tulisikia masimulizi ya Wameru wenyewe, kwamba wazee wao walitoka Mbwa, mahali penye maji mengi, wakiwakimbia mabwana waliowaita watu wa nguo nyekundu. Baadhi ya watafiti wameihusisha Mbwa na kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Tukajiuliza ni kwa nini hujiita wageni huku, ilhali huku watu huikumbuka pwani hata katika hadithi za asili yao.

Sasa tulieleze lile swali la sauti ya chini. Jamaa walisema: "Mkimpata huyo mama, si ataidai nyumba?" Nyumba ya babu ingali imesimama Mji wa Kale, wala haijapata kugawanywa. Shangazi hakuidai, hata kuitaja hakuitaja. Lakini binti ni mrithi wa baba yake, kwa nusu ya fungu la kaka yake, na haki hiyo haifutwi na masafa wala na kimya cha miaka sabini. Tumerudi, tumeita kikao cha ukoo, na wasipokubaliana tutalipeleka jambo hili mahakama ya kadhi. Wako waliokwisha kutununia.

Enyi wasomaji wetu, huenda nanyi mna barua katika sanduku. Msingoje mpate nauli ya nchi za mbali. Nyeri ni kilomita 150 tu kutoka Nairobi. Chukueni sweta na msala. Na kama yuko anayesubiri kanga, mpelekeeni angali hai.